Ombi la Kuazima Kitabu Chuo Kingine Limekwama: Dalili, Visababishi na la Kufanya

Makubaliano ya kuazimana vitabu kati ya vyuo huwa na sahihi za wakubwa, muhuri na picha ya pamoja. Kisha anakuja mwanafunzi wa uzamivu kaunta, anataka sura moja ya tasnifu iliyoko Morogoro, na aliyekaa kaunta hajui aanzie wapi. Mwongozo huu ni wa huyo aliyekaa kaunta. Umepangwa kwa dalili, kama zinavyolalamikiwa. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea zaidi kinatangulia, na ukaguzi usiogharimu kitu unatangulia ule wa kuhangaisha watu.

Msimamo wangu niuseme mapema: lawama nyingi hupelekwa kwa maktaba ya pili au kwa basi, ilhali ombi lenyewe liliondoka na kasoro. Kwa hiyo popote utakapoanzia hapa chini, kwanza chukua ile fomu ya ombi, uisome kama vile wewe ndiye uliyeletewa.

Maktaba inayoomba ni ile ya msomaji. Maktaba inayoazimisha ni ile yenye kitabu. Kanuni za IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, ziliandikwa mwaka 1954 na zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Zinaiweka dhamana ya kitabu kwa maktaba inayoomba, tangu kinapotumwa na mwenyewe hadi kinaporudi. Shika hilo, kwa sababu nusu ya magomvi yatakayofuata yanamalizwa nalo.

DALILI YA 1: Ombi limetumwa, upande wa pili kimya

Kinachotokea zaidi: ombi limekwenda kwenye barua pepe ya mtu, siyo ya ofisi. Yule mkutubi mwenye anwani hiyo amehamishwa kitengo, yuko masomoni au amestaafu, na sanduku lake halifunguliwi. Angalia anwani uliyotumia. Kama ina jina la mtu, piga simu kwenye maktaba husika, uliza maombi ya kuazima yanapokelewa wapi, na utume tena huko. Simu ya dakika tatu inaokoa wiki mbili za kusubiri.

Kinachofuata: kaunta ya pili haina habari kwamba kuna makubaliano. Hapa kuna mkanganyiko ninaoukuta kila mara. Mtu anasema, "Sisi na wao tuko COTUL pamoja," au KLISC kwa Kenya, au CUUL kwa Uganda (zote ni miungano ya maktaba, COTUL ikiwa ya Tanzania), basi anadhani kuazimana vitabu kumeshajengwa humo. Miungano hii ilipata nguvu kwa kujiunga pamoja kulipia majarida ya kielektroniki. Kuwa mwanachama hakukupi moja kwa moja haki ya kutoa kitabu cha karatasi kwenye rafu za mwenzako. Tafuta hati ya makubaliano yenyewe, soma kipengele cha kuazimana, na upeleke nakala pamoja na ombi.

Sababu nyingine ni nyepesi: ombi limeangukia kwenye barua taka kwa sababu limetumwa kutoka anwani ya bure badala ya ile ya chuo, au ni wiki ya mitihani, chuo kimefungwa, watu wako kwenye kuhesabu vitabu.

Simu isiposaidia, usitume ombi lilelile mara nne. Upande wa pili utakuta maombi manne na kudhani ni vitabu vinne, au utayafuta yote. Tuma ukumbusho mmoja wenye namba ya ombi la kwanza, na tarehe ambayo ukifika bila jibu utaomba kwingine.

Tiba ya kudumu ni vitu vitatu: anwani moja ya ofisi isomwayo na watu wawili au zaidi, namba ya kumbukumbu kwa kila ombi, na idadi ya siku za kujibu iliyoandikwa ndani ya makubaliano. Hata jibu la "hatuna" ni jibu, nalo lina thamani kuliko kimya.

Simama hapa: kama maombi kadhaa mfululizo yamekosa jibu, tatizo si la kaunta tena. Mwandikie mkurugenzi wako, naye azungumze na mkurugenzi mwenzake. Msaidizi wa maktaba hatibu makubaliano yaliyokufa.

DALILI YA 2: Jibu limekuja, "Hatuna," lakini una uhakika wanacho

Hii ndiyo dalili inayokula muda kuliko zote, na ndiyo inayolipa ukiifuatilia.

Anza na fomu. Msomaji wako amenakili jina la kitabu kutoka orodha ya marejeo ya mtu mwingine, naye alinakili kwa mwingine. Mwaka umekosewa, jina la mwandishi limegeuzwa, mhariri amefanywa mwandishi, sura imefanywa kitabu. Hilo la sura ni la kuangaliwa kwa makini: hakuna katalogi itakayokupa kichwa cha sura ukikitafuta kama kitabu. Muulize msomaji, "Umeyaona wapi haya?" na uombe ukurasa wenyewe.

Kisha namba. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ilikuwa na tarakimu 10 hadi mwaka 2007, ilipokuwa 13. Rekodi ya zamani inaweza kubeba ile fupi tu, na wewe umetafuta kwa ndefu. Usijaribu kubandika 978 mbele ya ile fupi ukadhani umemaliza, maana tarakimu ya mwisho hukokotolewa upya na mara nyingi hubadilika. Tafuta kwa zote mbili, kisha kwa jina na mwaka. Vitabu vya kabla ya miaka ya 1970 kwa kawaida havina ISBN kabisa, kwa hiyo asikutume mtu kuitafuta. Namba hiyo inakusaidia pia kujua pa kuomba: baada ya 978, tarakimu 9976 na 9987 ni za wachapishaji wa Tanzania, 9966 za Kenya, 9970 za Uganda. Kitabu chenye 9970 kiulizie Makerere kwanza kabla hujahangaika na Nairobi.

Majina ya waandishi wetu ni shida nyingine. Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha vitabu vyake vya miaka ya 1960 kwa jina la James Ngugi, na katalogi isiyounganisha majina hayo mawili itakugawia kazi zake mafungu mawili. Halafu zile alama juu ya herufi: mfumo mmoja unazihitaji, mwingine ukiziona unakata tamaa. Tafuta ukiziweka, kisha bila kuziweka. Shaaban Robert mtafute chini ya Shaaban na chini ya Robert. Mwandishi wa pwani mwenye majina matatu anaweza kuorodheshwa kwa lolote kati ya hayo, kutegemea aliyekuwa zamu siku hiyo.

Tasnifu zina historia yake, na asiyeijua ataambiwa "hatuna" hadi achoke. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilidumu kutoka 1963 hadi 1970, kikiwa na vyuo vyake Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Tasnifu ya miaka hiyo inabeba jina la Afrika Mashariki, hata kama mwandishi hakutia mguu nje ya Dar es Salaam. Kabla ya hapo vyuo hivyo vilikuwa chini ya shahada za Chuo Kikuu cha London. Baada ya 1970 mambo yanaendelea kugawanyika: Sokoine kilipata uhai wake mwaka 1984, kabla ya hapo kilikuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Morogoro. Muhimbili kilikuwa chuo kishiriki cha Dar es Salaam kutoka 1991 hadi 2007, na Ardhi nacho kilijitegemea 2007. Kenyatta kilikuwa chini ya Nairobi hadi 1985. Kwa hiyo tasnifu ya udaktari wa Muhimbili ya mwaka 2001 itafute pia kama tasnifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwenye fomu ya ombi andika majina yote mawili ya chuo, la wakati ule na la sasa, ili mwenzako asilazimike kukisia.

Baada ya fomu, tazama katalogi uliyotumia. Katalogi za pamoja huzeeka. Maktaba ilipeleka rekodi zake mara moja, miaka ikapita, vitabu vikapotea, vikaoza au vikahamishiwa tawi jingine, na rekodi zikabaki zinacheka. Fungua katalogi ya maktaba yenyewe na uangalie hali ya nakala. Ikisema ipo na wao wanasema haipo, waombe wakague rafu za jirani na kapu la vitabu vinavyosubiri kurudishwa mahali pake. Ombi hilo fanya mara moja tu, kwa adabu.

Inawezekana pia kitabu kipo na hakitoki. Mkusanyiko wa East Africana pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni wa kusomea humohumo. Hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama zile alizokusanya J. W. T. Allen, hakuna atakayekutilia kwenye bahasha. Badilisha ombi: omba skani ya kurasa chache, au mwandikie msomaji barua ya utambulisho aende akasome kule. Kwa hati za Kiswahili, kabla ya kumpandisha mtu basi, angalia kama nakala iko mtandaoni. SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika cha London, kimeweka nyingi za kwake.

La mwisho ni jipya na linaongezeka: makala haipo duniani. Msomaji ameulizia programu ya akili bandia, ikamtengenezea rejeo zuri, jarida la kweli, waandishi wa kweli, kichwa kinachosadikika. Dalili zake ni kwamba juzuu na mwaka havilingani, au kurasa zinaangukia katikati ya makala nyingine. Ingiza DOI, namba ya utambulisho wa makala mtandaoni, kwenye doi.org uone inakwenda wapi. Kama haina DOI, fungua yaliyomo ya toleo hilo la jarida. Ukikuta haipo, mwambie msomaji bila kumwaibisha, na usilipeleke ombi. Maktaba inayoazimisha ikipoteza asubuhi nzima kutafuta kivuli, ombi lako lijalo litasomwa mwisho.

DALILI YA 3: Nakala imefika, haisomeki

Faili halifunguki, kurasa zimekatwa pembeni, jedwali limekuwa doa jeusi.

Kwanza angalia ukubwa wa faili. Barua pepe nyingi hukataa kiambatisho kinachozidi megabaiti 25, na nyingine chini ya hapo. Faili lililofika na ukubwa wa sifuri halijafika. Omba litumwe kwa kiungo cha kupakulia chenye muda wa kuisha.

Kama linafunguka lakini halisomeki, sababu ya kawaida ni skani ya haraka: nukta 150 kwa inchi, rangi nyeusi na nyeupe tupu. Maandishi ya kawaida yanataka 300. Ramani, picha na jedwali lenye herufi ndogo yanataka kijivu au rangi kamili. Ukurasa uliokatwa kwenye mgongo wa kitabu ni dalili kwamba kitabu kimeshonwa kwa kubana. Usimlazimishe mwenzako akipasue ili upate herufi tatu. Omba apige picha ya ukurasa huo kwa simu, kitabu kikiwa kimefunguliwa nusu.

Hesabu kurasa siku ileile nakala inapofika, kabla hujamkabidhi msomaji. Kurasa za marejeo mwishoni ndizo husahaulika zaidi, na ndizo msomaji atakazozitaka mwezi unaofuata.

DALILI YA 4: "Hairuhusiwi"

Tofautisha aina za katazo, maana kila moja ina mlango wake.

Inayotokea zaidi ni leseni. Jarida la kielektroniki halikununuliwa. Chuo kimelipia ruhusa ya kulisoma, na mkataba ndio unaosema kama nakala inaweza kwenda kwa maktaba nyingine. Mikataba mingine inaruhusu makala moja moja kwa msomaji wa maktaba nyingine, mingine inadai ichapishwe kwanza kwenye karatasi, mingine inakataa kabisa. Kitabu kizima cha kielektroniki karibu kila mara kinakataliwa. Ukipata jibu hili, usibishane na kaunta. Muulize mkutubi wa rasilimali za kielektroniki wa upande wako kama chuo chenu tayari kina njia ya kulifikia jarida hilo. Unaweza kukuta chuo chako kina Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, ambao tangu HINARI, tawi lake la afya, ilipoanza mwaka 2002 umekusanya majarida ya afya, kilimo, mazingira na mengineyo, na makala uliyotaka kuazima iko mlangoni kwako. Pia tafuta toleo ambalo mwandishi ameliweka bure kwenye hazina ya chuo chake. Mwandikie mwandishi mwenyewe, wengi hutuma.

Onyo: usimpe msomaji wa chuo kingine neno la siri la Research4Life au la hifadhidata yoyote, hata kama ni rafiki, hata kama ni kwa usiku mmoja. Neno la siri ni la taasisi iliyosajiliwa na watu wake. Upakuaji usio wa kawaida huonekana kwa mchapishaji, na kinachofungwa ni anwani za chuo kizima.

Katazo la pili ni la hakimiliki kwa kazi za karatasi. Hapa ombi lenyewe ndilo huwa na tamaa: mtu ameomba kitabu chote kiskaniwe. Punguza. Omba sura moja au makala moja, na uandike kwenye fomu kwamba ni kwa utafiti binafsi wa msomaji. Kila nchi ina sheria yake: Tanzania ile ya 1999, Kenya ya 2001, Uganda ya 2006, pamoja na marekebisho yaliyofuata. Nimekuta wakutubi wetu wakinukuu "kanuni ya tano," kwamba maktaba isiombe zaidi ya makala tano za miaka mitano ya karibuni kutoka jarida moja ndani ya mwaka. Hiyo ni miongozo ya Marekani ya miaka ya 1970. Ni kipimo chenye busara, lakini si sheria ya Dodoma wala ya Nairobi, na usimnyime msomaji kitu kwa kuitaja.

Simama hapa: ukiombwa kunakili kitabu kizima ambacho bado kinauzwa, au nakala nyingi za darasa zima, au ukipokea barua ya malalamiko kutoka kwa mchapishaji, acha kila kitu kama kilivyo na upeleke suala ofisi ya sheria ya chuo. Usijibu barua hiyo mwenyewe. Usifute kumbukumbu za maombi.

DALILI YA 5: Kitabu kimetumwa, hakijafika, au kimefika kimeharibika

Vitabu vyetu husafiri kwa Posta, kwa EMS, kwa dereva wa chuo anayekwenda huko kwa shughuli nyingine, na mara nyingi kwa basi. Njia ya basi ni ya haraka na nafuu, ila inataka nidhamu ya stakabadhi.

Kikichelewa, angalia kwa mpangilio huu. Je, mtumaji amekupa namba ya stakabadhi na namba ya gari? Je, simu iliyoandikwa kwenye mzigo ni ya ofisi au ya mtu aliye likizo? Je, kifurushi kimelala ofisi ya mizigo stendi kwa sababu hakuna aliyetumwa kukichukua? Hilo la tatu ndilo jibu mara nyingi. Kingine kinachozoeleka: kimefika chuoni kweli, kikapokelewa masijala kuu au getini, kikakaa huko kwa sababu kwenye bahasha pameandikwa jina la chuo tu. Andika "Maktaba, kitengo cha kuazimana" kwa herufi kubwa, na namba ya ombi.

Kikivuka mpaka, kinachokikwamisha ni kuonekana bidhaa. Kenya inatoza VAT kwa vitabu tangu sheria ya mwaka 2013, na afisa wa forodha akiona kitabu kipya kwenye kasha ana haki ya kuuliza. Weka barua yenye muhuri: mali ya maktaba fulani, kimeazimwa, hakiuzwi, kitarudishwa kabla ya tarehe fulani. Hakikisha muhuri wa maktaba unaonekana ndani ya kitabu. Kama kimezuiliwa licha ya barua, muachie wakala wa forodha wa chuo. Usimpe mtu "kitu kidogo" ili kitoke, na usitume msomaji akakigombanie mpakani.

Ufungaji: mfuko wa nailoni kwanza, kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya ndoo ya samaki wa jirani yako kwenye buti la basi. Kisha kadibodi pande zote mbili, kisha bahasha ngumu. Usifunge kwa mpira wala kubana stepla karibu na kurasa. Piga picha ya kitabu kabla ya kukifunga na mara tu unapokifungua. Picha hizo ndizo zitakazosema uharibifu ulitokea upande gani.

Kikifika kimelowa, una muda mfupi. Katika joto na unyevu wa pwani, kuvu huweza kuanza ndani ya siku mbili tatu. Kama ni unyevu kidogo, kisimamishe wima kurasa zikiwa zimepanuka kidogo, mbele ya feni, mbali na jua. Usikianike juani na usikipige pasi. Kama kimelowa chepechepe, au kina karatasi za kung'aa, usizibandue kurasa kwa vidole, maana zikishagandana hupasuka na picha. Kizungushie karatasi isiyonata, kitie kwenye friza, na umpigie mhifadhi.

Simama hapa: ukiona unga wa kijani, mweusi au mweupe unaonuka uvundo, funga kitabu ndani ya mfuko, usikipeleke kwenye rafu, usikipanguse kwa kitambaa kikavu bila barakoa. Kuvu linaingia mapafuni, na linahamia vitabu vya jirani. Hali ni hiyohiyo kwa kitabu chenye vitundu vya wadudu na unga mpya unaodondoka. Kazi hiyo ni ya mhifadhi. Mjulishe mwenye kitabu siku hiyohiyo, kwa picha.

DALILI YA 6: Msomaji harudishi

Kwa kawaida hakujua tarehe. Kitabu kilichoazimwa nje kina tarehe mbili, ile ya maktaba yenu na ile ya wenye kitabu, na msomaji ameiona ndefu. Mpe tarehe moja tu, iliyo siku kadhaa kabla ya ile ya mwenyewe, ili upate nafasi ya kukifunga na kukisafirisha. Bandika utepe wa rangi kwenye jalada kwa karatasi isiyoacha gundi, usije ukaharibu mali ya watu kwa kuipamba.

Kama bado anakihitaji, omba muda kabla tarehe haijapita. Baada ya kupita unaomba msamaha.

Msomaji aliyehitimu na kutoweka ni suala la fomu ya kuondoka chuoni. Jina lake lisainiwe na kitengo cha kuazimana pia, siyo kaunta ya kawaida pekee. Chuo kisipofanya hivyo, andaa fungu la fidia, kwa maana mwenye kitabu anakudai wewe, hamjui huyo kijana. Kabla ya kulipa, uliza anataka nini: nakala nyingine ya toleo lilelile, au fedha. Kitabu kilichokwisha sokoni hakina bei ya dukani, na hapo bei inapangwa na wakurugenzi wawili.

DALILI YA 7: Mifumo haionani

Vyuo vyetu vingi vinatumia Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba, na sehemu ya maombi ya kuazimana imo ndani yake tangu toleo la 17.11. Kama huioni kwenye menyu, haijawashwa: msimamizi wa mfumo atafute mpangilio uitwao ILLModule. Ikiwa imewashwa na bado haifanyi kazi, kawaida hakuna programu-jalizi ya kupitishia maombi (backend) iliyowekwa nyuma yake, ama maktaba nyingine hazijaandikishwa kama washirika.

Kutafuta kwenye katalogi ya wenzako kwa Z39.50, itifaki ya mifumo ya maktaba kuulizana, kukishindwa, kagua jina la seva, namba ya poti na jina la hifadhidata, ambalo kwa Koha huwa ni "biblios" kwa herufi ndogo. Jaribu ukiwa nje ya mtandao wa chuo. Kikifanya kazi nje na kugoma ndani, faiwoli ya chuo imefunga poti. Matokeo yakija na alama za ajabu mahali pa ũ au ō, upande mmoja unatuma UTF-8 na mwingine unasoma MARC-8, ambazo ni namna mbili tofauti za kusimba herufi. Badilisha usimbaji kwenye mpangilio wa seva hiyo pekee.

Usifungue poti mwenyewe, usiguse koha-conf.xml, faili la mipangilio ya Koha, bila nakala rudufu, wala usiruhusu ukurasa wa wafanyakazi uonekane kwa ulimwengu mzima ili tu "wenzetu waone." Taarifa za wasomaji zimo mle, na Kenya ina sheria ya kulinda data ya 2019, Tanzania ya 2022. Mwite mtu wa TEHAMA. Akisema ana kazi nyingi, fomu ya kawaida kwa barua pepe inatosha kuazimana vizuri kwa miaka.

DALILI YA 8: Msomaji asiyeona amekataliwa nakala

Kaunta imejibu kama ilivyozoea kwenye Dalili ya 4, na hapo imekosea mlango. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 uliandikwa kwa ajili ya watu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga. Unaruhusu nakala zenye muundo wa kufikika, hata za kitabu kizima, kutengenezwa na kuvuka mpaka kupitia taasisi zinazostahili. Andika kwenye ombi kwamba linafanywa chini ya mkataba huo, taja muundo unaotakiwa, iwe breli au faili linalosomwa na kompyuta kwa sauti, na lielekeze kwa kitengo cha huduma kwa wenye ulemavu cha upande wa pili. Jinsi mkataba ulivyoingizwa kwenye sheria hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo mara ya kwanza muulize mwanasheria wa chuo. Zinazofuata utakuwa unaijua njia.

DALILI YA 9: Upande mmoja unatoa tu

Malalamiko haya hayaji kwa barua. Yanakuja kwa majibu yanayochelewa na "hatuna" zinazozidi. Chuo kikongwe chenye rafu nyingi kinaombwa na vyuo vipya vitano, nacho hakiombi kitu.

Hesabu kwanza, kabla ya kuhisi. Chukua rejista ya mwaka mmoja: mangapi yaliombwa, mangapi yalitimizwa, ya fani gani. Unaweza kukuta uzito wote unatoka kwenye kozi moja mpya iliyofunguliwa bila vitabu. Hapo tiba ni bajeti ya kununua. Makubaliano ya kuazimana hayakutengenezwa yawe maktaba ya kozi.

Kama uzito ni wa kweli, tafuta malipo yasiyo ya fedha: chuo kipya kiskani tasnifu zake, kipokee wasomaji wa mwenzake, kigharamie nauli ya kwenda na kurudi. Fedha taslimu kati ya idara za vyuo vya umma huchelewa kuliko kitabu chenyewe. IFLA ililiona hilo ikaanzisha vocha mwaka 1995, ili maktaba zilipane bila kubadilisha sarafu.

Ikifika mahali pa kuvunja makubaliano, usitangaze kabla vitabu vyote havijarudi. Funga maombi mapya kwanza, orodhesha kilichoko nje kwa pande zote mbili, kirudishwe na kusainiwa, fidia zilipwe, ndipo barua ya kusitisha iandikwe na mkurugenzi.